Kumwondoa Kiongozi kwa Kura, na Deni Lililolipwa na Arua na Koboko

Kila nchi inayojitawala kwa sheria haina budi kuwa na njia halali ya kumwondoa kiongozi wake kabla muda wake haujaisha. Kiongozi ni binadamu. Aweza kuiba, aweza kukivunja kiapo alichokula mbele ya umma, aweza kuugua hata asiweze kutia sahihi barua. Usipokuwapo mlango wa sheria wa kumtolea, atatolewa dirishani, na aghalabu watakaomtoa dirishani watakuwa wameshika bunduki. Ndiyo maana katiba nyingi duniani zimeweka utaratibu wa Bunge kumshitaki kiongozi na kumuuzulu.

Lakini utaratibu huo huo waweza kugeuzwa silaha ya kisiasa. Hugeuzwa silaha pale ambapo kura huhesabiwa kwanza na kosa hutafutwa baadaye; pale ambapo wanaomshitaki kiongozi hawaulizi ametenda nini, bali ni nani atakayeketi katika kiti chake kesho asubuhi. Jambo hili si la Wabunge na mawakili peke yao. Ni jambo la askari na polisi pia, kwa sababu historia ya Uganda yaonyesha kwamba wanasiasa wakishindwa kupatana juu ya nani ana haki ya kumwondoa nani, mara hugeuza macho kuelekea kambini. Na hakuna sehemu ya nchi iliyolipa gharama ya mtazamo huo zaidi ya miji miwili ya mpakani, Arua na Koboko.

Kwanza yafaa sheria yenyewe ifahamike. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 107, yataja sababu tatu tu za kumwondoa Rais. Ya kwanza ni kutumia vibaya madaraka au kukiuka kwa makusudi kiapo chake. Ya pili ni mwenendo mbaya unaoidhalilisha kazi ya Urais. Ya tatu ni kushindwa kazi kwa sababu ya maradhi ya mwili au ya akili. Kutopendwa si sababu. Kabila si sababu. Kukosana na wakubwa wa chama si sababu. Theluthi moja ya Wabunge wote hutia sahihi taarifa na kumpelekea Spika. Spika hupewa saa 24 tu kuifikisha kwa Rais na kwa Jaji Mkuu. Ikiwa shitaka ni la madaraka au mwenendo, Jaji Mkuu huunda baraza la majaji watatu wa Mahakama Kuu Kabisa katika muda wa siku saba. Majaji huchunguza, na Rais ana haki ya kufika mbele yao akiwa na wakili wake. Wakiona kwamba pana shauri la kujibiwa, ndipo Bunge hupiga kura, na kura zinazotakiwa ni theluthi mbili ya Wabunge wote, si ya wale waliohudhuria siku hiyo.

Ukitazama vizuri, utaona kwamba utaratibu huo umefanywa mgumu makusudi. Umewekewa muda, umewekewa majaji, umewekewa kima cha kura ambacho upande mmoja hauwezi kukipata kwa urahisi. Waliouandika walikuwa wamekwisha kuona mambo.

Waliyaona tangu mwaka 1966. Tarehe 4 Februari mwaka huo, Mbunge Daudi Ocheng alisimama Bungeni akataka Kanali Idi Amin, aliyekuwa wa pili katika uongozi wa jeshi, asimamishwe kazi ili achunguzwe. Habari yenyewe ilianzia karibu sana na West Nile: dhahabu na pembe za ndovu zilizovuka mpaka kutoka Kongo wakati wa maasi ya mwaka 1964 na 1965. Ocheng alizungumzia akaunti ya Amin katika benki, na fedha ambazo mshahara wa kanali haukuweza kuzieleza. Waziri Mkuu Milton Obote alikuwa safarini kaskazini, naye pia alitajwa katika tuhuma hizo. Karibu Bunge zima liliiunga mkono hoja.

Je, hoja ile ilikuwa ya haki au ilikuwa ya hila? Yafaa kusema bila kuficha kwamba ilikuwa yote mawili. Swali la dhahabu lilikuwa swali halali, na Bunge lina wajibu wa kuuliza fedha za ofisa wa jeshi zimetoka wapi. Lakini ndani ya chama kilichotawala palikuwa na kundi lililotaka kumwangusha Obote, na kwa kundi hilo dhahabu ilikuwa fimbo tu. Hapo ndipo ubaya wa kuitumia kazi ya Bunge kama fimbo unapoonekana: hata swali la haki hupoteza heshima yake. Obote hakulijibu kwa hoja. Tarehe 22 Februari Mawaziri watano walikamatwa wakiwa katika mkutano wa Baraza la Mawaziri. Siku mbili baadaye Katiba ikasimamishwa. Sir Edward Mutesa, aliyekuwa Rais, hakuondolewa kwa kura ya Bunge wala kwa hukumu ya majaji; aliondolewa kwa tangazo. Na yule kanali aliyetakiwa kuchunguzwa hakusimamishwa. Alipandishwa cheo akawa mkuu wa jeshi, na tarehe 24 Mei 1966 ndiye aliyeongoza mashambulio juu ya ikulu ya Kabaka huko Mengo.

Ofisa wa jeshi alikuwa amejifunza somo, nalo ni somo baya: kwamba mwanasiasa aliyebanwa Bungeni humhitaji askari kuliko anavyoihitaji sheria. Miaka mitano haikupita. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore, askari huyo huyo aliichukua nchi.

Hapa lazima isemwe neno kwa ajili ya West Nile, maana kuna dhana ambayo haijafa. Ukoo wa Amin ulikuwa wa Koboko, na kwa hiyo wengi walidhani, na wapo wanaodhani hata leo, kwamba utawala wake ulikuwa karamu ya watu wote wa huko. Sivyo. West Nile ilikuwa imetoa askari tangu siku za King's African Rifles, kwa sababu wakoloni waliifanya kuwa hazina ya watu wa kazi za jeshi na za mashamba ya mbali, si hazina ya shule. Chini ya Amin, wana wa West Nile walipanda vyeo, na wana wa West Nile waliuawa vilevile. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Mapema mwaka 1974 Rais alimwondoa katika kazi hiyo. Hapakuwa na mashitaka, hapakuwa na majaji watatu, hapakuwa na wakili. Mwezi Machi maiti yake ilionekana katika mto Nile. Huko ndiko kuondolewa kazini bila utaratibu kunakoishia, na aliyefikwa na hayo alikuwa ofisa wa jeshi.

Amin aliondolewa kwa vita mwaka 1979. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na tarehe 3 Juni majeshi ya Tanzania na ya wakombozi wa Uganda yalikwisha fika mpaka wa Sudan. Vita vilikwisha. Nchi ilikuwa na Rais mpya, Profesa Yusuf Lule, aliyeapishwa tarehe 13 Aprili, na pembeni yake lilikuwapo Baraza la Ushauri la Taifa, lililotokana na mkutano wa Moshi wa mwezi Machi. Ingalitazamiwa kwamba watu waliokwisha pata taabu ya miaka minane wangalijua kupatana.

Tofauti yao ilikuwa juu ya jambo moja lililoonekana dogo. Lule aliteua Mawaziri na kuwahamisha bila kupata kibali cha Baraza. Yeye alishikilia kwamba Katiba ilimpa Rais uwezo huo. Baraza likashikilia kwamba mapatano ya Moshi yalimtaka apate kibali kwanza. Kila upande ulikuwa na karatasi mkononi, na hapakuwa na mahakama iliyokubaliwa na wote ya kusema ni karatasi ipi iliyokuwa na nguvu. Tarehe 20 Juni 1979 Baraza lilipiga kura ya kutokuwa na imani naye, akatoka. Alikuwa ametawala siku 68. Zilikuwa zimepita siku 17 tu tangu vita vilipokwisha mpakani. Huko Kampala watu waliingia barabarani kumdai, na askari wakapelekwa kuwatawanya.

Wengine wamesema kura ile ilikuwa halali, na wengine wamesema ilikuwa mapinduzi yaliyovikwa suti. Ubishi huo hauna mwisho, kwa sababu kanuni haikuwekwa wazi kabla ya mchezo kuanza. Linaloonekana wazi ni matokeo yake. Godfrey Binaisa aliyeshika nafasi ya Lule aliingia ofisini akijua kwamba waliomweka waweza kumwondoa kwa mkutano mmoja, kwa hiyo kazi yake kubwa ikawa kuhamisha watu wenye nguvu kabla hawajamhamisha yeye. Mwezi Mei 1980 alijaribu kumwondoa Brigedia David Oyite Ojok katika kazi ya Mnadhimu Mkuu wa jeshi ampeleke kuwa balozi. Safari hii hata mkutano haukuhitajika. Tume ya Kijeshi, Mwenyekiti wake akiwa Paulo Muwanga na makamu wake Yoweri Museveni, ilimwondoa Rais na kuchukua madaraka. Katika muda wa miezi 13 nchi ilikuwa imewaondoa viongozi watatu: wa kwanza kwa vita, wa pili kwa kura yenye ubishi, wa tatu kwa amri ya wanajeshi.

Nani alilipa? Wakubwa wa Kampala waliondoka, baadhi yao wakaenda kukaa Ulaya. Bili ilipelekwa kwingine.

Serikali inayobadilishwa kila mara haina muda wa kulijenga jeshi. Jeshi la Ukombozi la mwaka 1979 lilikuwa mkusanyiko wa vikundi, na kila mwanasiasa aliongeza watu wake humo akijitayarishia zamu yake. Vijana walipewa bunduki kabla hawajapewa nidhamu. Huko ng'ambo ya mpaka, Sudan na Zaire, walikuwako maelfu ya askari wa zamani ambao hakuna serikali yoyote kati ya hizo tatu iliyodumu vya kutosha kupata sera juu yao: wahukumiwe mmoja mmoja kwa makosa yao, wasamehewe, au warudishwe mashambani. Wakaachwa huko na silaha zao.

Mwezi Oktoba 1980, miezi miwili kabla ya uchaguzi, askari hao wa zamani walivuka mpaka. Koboko ilishambuliwa, na Arua ikafikiwa na vita. Jeshi la Serikali liliporudi, halikuwatafuta waliovuka mpaka peke yao. Liliwageukia raia, kwa kosa la kuzaliwa upande mmoja na Amin. Nyumba zilichomwa, maduka yakavunjwa, na watu wakakimbia kwa miguu, wa Koboko wakielekea Sudan na wa Arua wakielekea Zaire, njia ambazo leo malori hupita kwenda Kaya na Ariwara. Vijiji vizima vilibaki nyasi. Wengi hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1980, na walirudi wakifukuzwa na vita vya Sudan, si kwa sababu nyumbani kulikuwa kumetengenezwa.

Tarehe 24 Juni 1981 ndiyo inayokumbukwa kuliko zote. Katika misioni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, maelfu ya raia walikuwa wamekimbilia wakitumaini kwamba msalaba na bendera ya Msalaba Mwekundu vingewakinga. Askari waliingia wakaua makumi ya watu, wanawake na watoto wakiwamo. Watu wa Arua hufanya kumbukumbu yao hadi leo. Askari waliofyatua risasi Ombaci hawakuwa Wabunge, wala hawakuwahi kupiga kura ya kumwondoa mtu yeyote. Lakini jeshi walilolitumikia lilikuwa limekwisha fundishwa kwamba serikali ni mali ya mwenye nguvu, na kwamba anayeanguka huanguka pamoja na kabila lake. Mafunzo hayo hayakutoka katika kitabu chochote cha jeshi. Yalitoka juu, katika namna viongozi walivyoondoana.

Mapinduzi ya tarehe 27 Julai 1985 na vita vilivyoishia mwezi Januari 1986 ni sura nyingine za hadithi ile ile. West Nile yenyewe iliendelea kuona vikundi vya wapiganaji hadi mapatano ya amani yaliyotiwa sahihi Yumbe mwezi Desemba 2002.

Sasa linganisha na jambo lililotokea chini ya Katiba mpya. Mwezi Machi 1998 Bunge lilipiga kura ya kumlaumu Jim Muhwezi, Waziri mdogo wa Elimu, mtu aliyepigana vita vya msituni na aliyepata kuwa mkuu wa idara ya usalama wa ndani. Mwezi Machi 1999 likamlaumu Sam Kutesa, Waziri mdogo, juu ya mgongano wa maslahi. Wote wawili walitoka katika Uwaziri. Hakuna kambi iliyotiwa hadhari, hakuna aliyekimbilia mpakani, na miaka michache baadaye wote wawili walikuwa Mawaziri tena. Wapo waliolalamika kwamba walirudishwa upesi mno, na malalamiko hayo yana uzito. Hata hivyo yapimwe pamoja na habari ya Ondoga. Waziri mmoja aliondolewa akarudi nyumbani kula chakula na watoto wake. Mwingine alikutwa mtoni.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Katiba nzuri yatosha kuzuia hila. Tarehe 25 Novemba 2013 madiwani wa Kampala walikutana chini ya uenyekiti wa Waziri, wakapiga kura 29 kwa 3 kumuuzulu Meya Erias Lukwago. Baraza la uchunguzi lililoongozwa na Jaji lilikuwa limekwisha toa ripoti dhidi yake, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba utaratibu haukufuatwa kabisa. Lakini asubuhi ile ile Mahakama ilikuwa imetoa amri ya kusimamisha mkutano, na kura ikapigwa hivyo hivyo. Mwezi Machi 2014 Jaji mwingine akaamua kwamba kura ile haikuwa na nguvu. Amri hiyo nayo ikapingwa mbele ya mahakama ya juu. Mwaka 2016 wapiga kura wakamrudisha Lukwago. Zaidi ya miaka miwili ya kazi ya jiji ilipotea katika mabishano, na waliosimama mlangoni siku zote hizo, wakitukanwa na pande zote mbili, walikuwa polisi.

Jirani Kenya, mwezi Oktoba 2024, Bunge na kisha Seneti vilimwondoa Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, katika muda usiofika wiki mbili. Seneti iliona hatia katika mashitaka 5 kati ya 11. Watu wengi wa huko waliuliza kama mashitaka yalikuwa sababu au yalikuwa kisingizio, maana chanzo kilichojulikana kwa kila mtu ni kwamba Rais na msaidizi wake walikuwa wamegombana. Mwenye haki ni nani, hilo ni la Wakenya. La kujifunza kwa askari ni kwamba pande zote zilikwenda mahakamani, na jeshi likabaki kambini.

Hayo yanamfikia vipi koplo aliye zamu Oraba, au inspekta wa polisi wa Arua? Yanamfikia kwa njia ya kawaida kabisa. Sheria ya Serikali za Mitaa yaruhusu baraza la wilaya kumwondoa Mwenyekiti wake kwa theluthi mbili ya madiwani wote, kwa sababu zilizotajwa: kutumia vibaya madaraka, rushwa, kutofaa kazi, mwenendo mbaya, au maradhi. Wilaya ya Koboko ilipata baraza lake mwaka 2005, na Arua imekuwa jiji tangu mwaka 2020, na penye baraza hapakosi kundi linalotaka kulitoa kundi jingine. Siku hiyo ikifika, simu italia katika kituo cha polisi. Mmoja atataka ukumbi ufungwe ili mkutano usifanyike. Mwingine atataka ukumbi ulindwe ili ufanyike. Kila mmoja atasema kwamba amri imetoka juu.

Katiba imekwisha mjibia askari huyo. Ibara ya 208 yasema jeshi halitaegemea chama na litakuwa chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara ya 3 yamhesabu kuwa mhaini yeyote anayechukua au kujaribu kuchukua serikali kwa njia isiyo ya Katiba, bila kujali cheo chake wala jina la aliyemtuma. Mwanajeshi hana kazi yoyote katika kura ya madiwani, hata kusimama uwanjani. Polisi anayo kazi, nayo ni kuwalinda wanaoingia na wanaotoka, wa upande huu na wa upande ule, pamoja na yule anayeshitakiwa, kwa maana huyo naye ni raia mpaka dakika ya mwisho na baada yake. Akiletewa barua ya Spika na amri ya Mahakama zinazopingana, amri ya Mahakama ndiyo itakayofuatwa hadi Mahakama nyingine iiondoe. Ataipokea, ataiandika katika daftari la matukio ya kituo pamoja na saa na jina la aliyeileta, na atampelekea ofisa wake nakala kabla mkutano haujafunguliwa.